Hivi tunawauliza watoto maswali, au tunawatahini tu?

Tochi Mbovu (mleta uzi)

Wakuu, kuna jambo linanisumbua, nimeona nilimwage hapa tulijadili.

Juzi nimekaa na binti yangu wa miaka minne na nusu, anachora. Nikaanza ile kazi tunayoijua wazazi wote. "Hii rangi gani?" Nyekundu. "Na hii?" Kijani. "Hili umbo linaitwaje?" Duara. Nilipofika swali la tano au la sita akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma, akaniuliza: "Kwani baba, wewe huvijui?"

Nikabaki nimeduwaa. Navijua. Yeye naye anajua kwamba navijua. Kumbe pale hapakuwa na mazungumzo yoyote, palikuwa na mtihani wa mdomo na msahihishaji ni mimi.

Kesho yake nikafanya kitu cha kijinga kidogo. Nikaweka kijikaratasi mfukoni, kila nikimuuliza swali napiga mstari. Hadi analala nilikuwa na mistari 41. Nikayapitia kichwani moja moja. Ambayo kweli sikuwa na jibu lake yalikuwa matatu, na moja kati ya hayo ni "kiatu cha pili umekiacha wapi?" Yaliyobaki yote ni ya kumtahini, kumkumbusha ("umenawa?") au kumkaripia kwa sura ya swali ("nimekwambia mara ngapi?"). Hilo la mwisho naona siku moja atanijibu kwa hesabu kamili.

Nikaanza kusomasoma. Kuna watafiti wawili, Barbara Tizard na Martin Hughes, waliochapisha kazi yao mwaka 1984. Walirekodi wasichana 30 wa miaka minne kule London, wakiwa nyumbani na mama zao na wakiwa shule ya awali. Nyumbani mtoto aliuliza kwa wastani maswali 26 kwa saa. Shuleni? Mawili. Mtoto ni yuleyule, kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba shuleni muulizaji alikuwa mwalimu, na maswali yake mengi yalikuwa kama yangu ya rangi na maduara, watoto wakayajibu kwa neno moja au wasiyajibu kabisa.

Hoja yangu ni hii. Tukisema tunataka mtoto ajue kuchambua mambo na kubuni, tunakimbilia kutafuta orodha ya maswali mazuri. Mimi nadhani swali lenyewe ni nusu ya kazi, pengine robo. "Kwa nini?" ileile inaweza kumfungua mtoto au kumfunga, na tofauti ni kama anayeuliza ana shida na jibu. Watoto wananusa hilo upesi kuliko tunavyodhani.

Tena lugha yetu inatusaliti. Chukua "mbona". "Mbona umeiweka hapa?" na "ilikuwaje ukaamua kuiweka hapa?" zinatafuta jibu moja, ila ile ya kwanza mtoto anasikia kesi imefunguliwa. Anaacha kueleza, anaanza kujitetea. Hata "kwa nini" ikitoka na sauti fulani ni hivyohivyo. Siku hizi najitahidi nitumie "umejuaje?" na "hebu nionyeshe". Bado naponyokwa na mbona zangu.

Wenzangu mnafanyaje? Walimu mliomo humu, msikae pembeni.

---

Chaki Mkononi

Umetuita, tumekuja. Nafundisha darasa la nne, mwaka wa kumi na mbili huu, na nakiri hadharani kwamba nusu ya maisha yangu ya kazi nimefundisha kwa silabi. Mnaijua hiyo mbinu: "Maji yakichemka yanageuka kuwa mvu..." darasa zima: "keee!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Mtu akipita nje anasema darasa hili limechangamka, mwalimu huyu ni moto.

Siku moja, sijui shetani gani alinipitia, nikakosea makusudi. "Jua huchomoza upande wa magha..." Wakajibu "ribiii!" Kwa sauti ileile, kwa furaha ileile. Watoto zaidi ya hamsini na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nikakaa kwenye kiti.

Sikuwalaumu. Nilikuwa nimewazoesha kwamba kazi yao ni kumalizia neno, kazi ya kufikiri nimeshawafanyia.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana: kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa sayansi, alichapisha mwaka 1974 matokeo ya kupima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa wastani ilikuwa kama sekunde moja. Moja! Hapo mwalimu anarudia swali, anamruka mtoto au anajijibu mwenyewe. Walimu waliofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, "sijui" zikapungua, watoto wakaanza kuulizana wao kwa wao, na wale waliokuwa wamehesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema vitu ambavyo mwalimu hakuvitegemea.

Na kuna kimya cha pili watu wanakisahau, kile cha baada ya mtoto kujibu. Akimaliza tu sisi tunarukia "vizuri sana!" Mikono mingine yote inashuka. Mechi imeisha, nani aendelee kufikiri?

Nikaanza kuhesabu vidole nyuma ya mgongo. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Sekunde tatu darasani ni ndefu kama foleni. Mtoto mmoja akaniuliza kama naumwa. Wiki ya tatu nikauliza: kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea? Kimya. Nikahesabu. Mmoja akasema meli ina hewa ndani. Nikanyamaza tena, sikusema ndiyo wala hapana. Wa nyuma kabisa, ambaye sikumbuki kumsikia muhula wote, akasema: "Basi msumari ukitobolewa katikati?" Kipindi kikaishia hapo, hatukufika hata kwenye zoezi.

---

Mzee wa Hoja

Naomba niwe mwiba kidogo, maana naona tunapigiana makofi.

Mtoto afikiri kwa kutumia nini? Huwezi kuchambua kitu usichokijua. Yule mtoto wa msumari aliuliza vizuri kwa sababu tayari alijua kwamba vyenye hewa vinaelea. Nani alimwambia? Pengine mwalimu huyuhuyu na silabi zake. Mnadharau maswali ya kukumbuka kana kwamba ni dhambi, wakati kujilazimisha kukumbuka jambo kunalikaza kichwani kuliko kulisoma upya mara mbili. Hilo limepimwa na kupimwa tena.

Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, na wenzake mwaka 1956 walipanga ngazi sita za kujifunza, kuanzia kujua na kuelewa hadi kuunganisha na kutathmini. Baadaye, mwaka 2001, zikapangwa upya na kubuni kukawekwa juu kabisa. Sawa. Tangu hapo kila semina tunaonyeshwa ngazi hizo zimechorwa kama piramidi, na kila mtu anataka kuishi ghorofa ya juu. Wa chini anachekwa. Ghorofa ya juu imeshikiliwa na nini?

"Umejuaje 7 mara 8 ni 56?" Nimekariri. Ndivyo nilivyojua, na sioni haya.

La pili ni ubishi. Nina mjukuu aliyelelewa kwa hayo maswali yenu. Ukimwambia kalale, anataka ushahidi.

---

Nukta Tatu

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye maarifa nakuunga mkono mia kwa mia. Ila ngoja nikupe kisa cha nahodha.

Karibu mwaka 1980, watafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa madarasa ya chini swali hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto walikuwa 97. Waliochukua hizo namba wakapata umri walikuwa 76. Na hao watoto maarifa wanayo, kujumlisha wanakujua vizuri. Wasichokuwa nacho ni ruhusa ya kumwambia mwalimu kwamba swali lake halijibiki.

Nikamjaribu mtoto wa dada yangu, miaka tisa. Akafikiri kidogo akasema 36. Nikakumbuka uzi huu, badala ya kucheka nikamuuliza umejuaje. Akasema: "Nimejumlisha." Kwa nini ukajumlisha? "Kwa sababu nikitoa anakuwa na miaka 16, na mtoto haruhusiwi kuendesha meli. Nikizidisha anakuwa na 260, atakuwa ameshakufa."

Jamani! Mtoto amepima majibu matatu, akayalinganisha na hali halisi ya dunia, akatupa mawili. Kuchambua kuna jina gani jingine? Amechambua kila kitu isipokuwa swali lenyewe. Ningemwambia "umekosa" pale mwanzo, nisingejua kabisa kwamba nimekaa na mtu mwenye akili.

Nikamuuliza tena: mbuzi wakishuka wote bandarini, nahodha atakuwa na umri gani? Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akanitazama kwa hasira ya mtu aliyeibiwa.

---

Mzee wa Hoja

Marahaba. Hapo umenikamata, kiasi. Huyo wa 260 namtaka awe mjukuu wangu, tubadilishane na yule wa ushahidi.

---

Mama Pacha

Nimesoma yote, nimecheka magha-ribi mpaka nimeamsha watu.

Mimi nina pacha wa miaka sita. Mmoja ukimuuliza swali anakupa hotuba. Mwingine ukimuuliza anakuwa kama ukuta. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wa pili hafikiri sana, Mungu anisamehe. Na nilikuwa na kosa moja baya: akinyamaza narudia swali, akijibu nisivyotaka narudia swali. Kumbe kurudia swali ni kumwambia mtoto "umekosa" bila kutamka.

Hili lina historia. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, alikuwa anapanga vitufe mistari miwili inayolingana, anamuuliza mtoto kama idadi ni sawa. Mtoto anasema sawa. Anautandaza mmoja uwe mrefu, anauliza tena. Wengi wa chini ya miaka sita hivi wanasema mrefu una vingi. Akahitimisha kwamba bado hawajaelewa kuwa idadi haibadiliki.

Halafu mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson wakafanya jaribio hilohilo, ila mara hii aliyevuruga mstari si mtu mzima, ni kidubu mtukutu, mwanasesere anayetoka kwenye sanduku lake na kuharibu mchezo. Watoto waliojibu sawasawa wakaongezeka kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi zaidi ya nusu. Maelezo yanayoniingia akilini ni haya: mtu mzima akigusa vitu kwa makusudi kisha akauliza swali lilelile, mtoto mwenye adabu anasema moyoni, "aha, anataka jibu jipya". Mtoto alikuwa anafikiri vizuri tu. Alikuwa anamfikiria muulizaji badala ya vitufe!

Huyo Martin Hughes aliyetajwa juu, yeye na mwenzake waliwahi kuwauliza watoto wa miaka mitano na saba maswali yasiyo na maana, mfano kama nyekundu ni nzito kuliko manjano. Wengi walijibu. Na sababu wakatoa.

Basi kwa yule wangu wa kimya niliacha kumkalia usoni. Mtoto kama huyo ukimtazama machoni na kumuuliza, umemweka kizimbani. Sasa tunakuwa tumekaa bega kwa bega, tunakunja nguo au tunatembea, nami sifanyi swali, nasema tu kama najisemea: "Sielewi ni kwa nini mwezi unatufuata." Basi. Nanyamaza. Wakati mwingine hajibu, maisha yanaendelea. Siku ya mwezi alijibu baada ya siku mbili, tuko kwenye jambo jingine kabisa: "Mama, mwezi uko mbali sana ndiyo maana hatuwezi kuuacha nyuma. Miti iko karibu." Siku mbili! Sekunde tatu za mwalimu kwake zingekuwa utani.

---

Chaki Mkononi

Mama Pacha, hilo la kusema "sielewi" badala ya kuuliza nalichukua kesho asubuhi. Swali la siku mbili darasani tutaliwekea wapi sasa, ngoja nifikirie.

---

Fundi Saa

Mnazunguka na baba wa mambo haya hajatajwa: Sokrate. Yule mwanafalsafa wa Athene aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, na kuuliza kwake kulichangia. (Kwa hiyo walimu mjihadhari.)

Plato, mwanafunzi wake, anasimulia jinsi Sokrate alivyomchukua kijana mtumwa ambaye hakusoma jiometri, akamchorea mraba wenye upande wa futi mbili, eneo lake futi nne. Akamwambia: nitengenezee mraba wenye eneo mara mbili yake, yaani nane. Kijana akasema haraka, rahisi, urefushe upande mara mbili. Sokrate hakumwambia umekosa. Akamwambia tuchore tuone. Upande nne, eneo likawa 16. Kijana akapunguza: basi tatu. Wakachora, likawa tisa. Hapo kijana akakiri kwamba hajui. Mwishoni akafika kwenye mstari wa kona hadi kona, na mraba unaojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la nane.

Kuuliza tu, bila kumpa jibu. Mbinu ina zaidi ya miaka elfu mbili, sisi tunaiita ya kisasa.

---

Mzee wa Hoja

Fundi, umeyasoma yale mazungumzo au umesimuliwa? Mimi nimeyasoma. Ile sehemu ya mwisho, ya mstari wa kona, Sokrate ndiye anayeuchora. Kijana anabaki "ndiyo", "hakika", "ndivyo ilivyo". Ni mvu... keee! ya Kigiriki.

---

Fundi Saa

Hahaha. Mzee, nimekubali, na kusema kweli hata mimi pale mwisho pamenikera siku zote.

Ila pale katikati usiniguse. Nne ikakataa, tatu ikakataa, kijana akasimama. Hapo Sokrate alifanya jambo ambalo wazazi wengi hatuliwezi: aliacha kosa lijionyeshe lenyewe kwenye mchoro. Hakusema yeye kwamba 16 si nane, mchoro ndio uliosema. Mimi kazi yangu ni saa, najua mtoto akifungua saa mbovu na kuirudisha vibaya, haihitaji mtu wa kumwambia. Haitembei. Swali zuri naona ni lile ambalo mtoto anaweza kulihakiki bila kukutazama usoni. "Unadhani daraja lako la vijiti litabeba vitabu vingapi?" Anasema vitano, anaweka, linaanguka kwa cha tatu. Wewe kaa kimya ule mawazo yako.

---

Msomaji Kimya

Nimekuwa nasoma humu bila kuchangia, leo nimeshindwa kujizuia. Mmezungumza sana kuhusu kuchambua, kubuni mmekuacha yatima.

Maswali ya kuchambua yanakwenda kwenye jibu moja, hata kama njia ni ndefu. Ya kubuni yanatawanyika. Mwanasaikolojia J. P. Guilford, Mmarekani, ndiye aliyeweka wazi tofauti hiyo katikati ya karne iliyopita, na mchezo wake maarufu mnaweza kuufanya sasa hivi: taja matumizi yote ya tofali unayoweza kufikiri. Mimi natumia kijiko. Mwanangu wa miaka saba alianza na kula, kukoroga, kuchota. Kisha akakwama, na hapa ndipo watu wanapokosea. Mtoto akikwama wanasema haya basi, umejitahidi. Kumbe mawazo ya kwanza ni yale ambayo kila mtu anayo. Yaliyo yake mwenyewe yako nyuma ya ule ukimya. Mimi nikasema tu "na nini kingine?" nikaendelea na shughuli zangu. Baada ya muda: ngoma. Kioo cha kujitazamia kichwa chini miguu juu. Kitanda cha mdudu mgonjwa. Jembe la mtu mdogo anayeishi ukutani. Sasa tulikuwa tumefika.

Na tafadhali, usitathmini katikati. Ukisema "hicho kijiko kitapinda" wazo la nne, wazo la tano halizaliwi. Kuchuja kuna wakati wake: mnamaliza, mnakaa, mnachagua lipi lingefaa kweli na kwa nini. Kuchanganya kazi hizo mbili ni kama kuosha na kuanika kwa wakati mmoja.

Kuhusu vitendawili niliwaza hivi. Ukitega "nyumba yangu haina mlango", jibu linalojulikana ni yai, mtoto akisema jingine anaambiwa kakosa. Nilimtegea wangu akasema "ndoto". Nikamuuliza umejuaje. Akasema: "Nikiota najikuta nimeshaingia, sikumbuki kuingia." Mimi kuanzia siku hiyo yai nimelistaafisha.

Jingine, tusisahau kwamba swali kubwa mara nyingi linatoka kwa mtoto, sisi ndio tunaojibu ovyo. Mwaka 1943 Edwin Land, mvumbuzi wa Marekani, alikuwa mapumzikoni Santa Fe na familia yake, akampiga picha binti yake wa miaka mitatu. Mtoto akauliza kwa nini haioni picha palepale. Swali la kitoto kabisa. Land, kwa kuwa aliifahamu kemia, akatembea akiliwaza, na kufikia 1948 kamera inayotoa picha papo hapo ikawa dukani. Mzee wa Hoja utafurahi: bila maarifa ya baba lile swali lingepeperuka. Ila bila mtoto baba asingeulizwa.

---

Nukta Tatu

Umemtaja Land, basi na Erasto Mpemba atajwe. Mwaka 1963, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika (Tanzania ya leo), alitia mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipokuja mwanafizikia Denis Osborne kuzungumza shuleni akamuuliza yeye, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akaenda kulijaribisha. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na katika hali gani.

Osborne hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni ile "twende tukaone".

---

Mzee wa Hoja

Haya. Nimejaribu. Jana mjukuu kagoma kulala, kataka ushahidi kwamba usingizi una faida. Badala ya kufoka nikamwambia: ushahidi wa namna gani ungekuridhisha? Akafikiri sana. Akasema anataka kumuona mtu ambaye hajalala. Nikamwambia kesho asubuhi njoo unitazame mimi, maana umenikesha.

Alipoamka akanitazama kwa makini, akasema, "Babu umenuna." Akaandika kwenye daftari. Sijui ataniuliza nini leo.

---

Mama Pacha

Mzee umeingia kwenye chama bila kadi.

---

Chaki Mkononi

Nimepata jibu la maswali ya siku mbili. Nimebandika karatasi kubwa nyuma ya darasa, mtoto akipata swali katikati ya kipindi analiandika pale, tunarudi Ijumaa. Nilitegemea matano. Yamefika thelathini na kitu, na angalau kumi siyajui kabisa. Mojawapo: "Nani alikubali kwamba nyekundu iitwe nyekundu?" Jingine: "Kama sifuri ni hakuna kitu, kwa nini tunaiandika?"

Tatizo ambalo sijalitatua, na sitaki kuwadanganya: muda. Mtaala unakimbia, mtihani unakuja, na mtihani hauulizi umejuaje. Sasa naiba dakika kumi za mwisho Ijumaa. Maswali ya kukumbuka bado nauliza kila siku asubuhi, Mzee wa Hoja tumeelewana hapo. Lakini silabi nimeacha. Wiki hii imeniponyoka mara mbili.

---

Tochi Mbovu (mleta uzi)

Wakuu nawashukuru, sikutegemea uzi ufike huku.

Ripoti yangu. Nimerudia kile kijikaratasi. Maswali yamepungua, 17 badala ya 41, na ambayo sikuwa na jibu lake ni manane. Nilidhani nikiwa na maswali machache nyumba itakuwa kimya. Yeye ndiye amejaza nafasi. Nilipoacha kuuliza rangi akaanza kunieleza mchoro mwenyewe: lile duara la juzi halikuwa duara, lilikuwa kisima kikitazamwa na ndege. Mimi nilimpa alama kwa duara.

Jana usiku taa zimezimwa, niko mlangoni natoka, akauliza: "Baba, kivuli changu kikiingia kwenye giza kinaenda wapi?"

Nikafungua mdomo nitoe somo la mwanga. Nikaufunga. Nikahesabu vidole.

---

Fundi Saa

Halafu? Ulimjibu nini?

---

Tochi Mbovu (mleta uzi)

Nilimwambia sijui tutajuaje. Akasema inabidi tukivizie: tukae gizani kimya, kivuli kijue hatupo, halafu tuwashe ghafla. Akashuka kitandani kwenda kutafuta tochi.

Na jina langu humu mnalijua, hata halikuwa la mzaha. Haikuwaka. Leo jioni nanunua betri.